UZI: Kiingereza cha kuongelea filamu na uigizaji, na pale Waswahili tunapokwama

#1 | Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Wengi wetu humu tunaangalia filamu za Kiingereza tangu utotoni na tunazielewa bila shida. Kazi huja pale mtu anapokuuliza kwa Kiingereza, "What was it about?" Mdomo unakuwa mzito ghafla. Mtu anayeweza kuisimulia hadithi hiyohiyo kwa Kiswahili mpaka wasikilizaji wakasahau shughuli zao anaishia kusema "It was very nice", kisha kimya.

Nimelifuatilia jambo hili muda mrefu na sikubaliani na wanaosema tatizo ni uchache wa maneno. Actor, director, script, scene, hayo yote tunayajua. Tusichofundishwa ni neno gani linaandamana na neno gani. Maneno ya filamu kwa Kiingereza yana wenzi wake: role ina kitenzi chake, film ina kihusishi chake. Ukijua neno bila mwenzi wake utakwama hata kama umekariri kamusi nzima.

Nianze na kosa ninalolisikia kuliko yote. Kwa Kiswahili tunasema "amecheza filamu nyingi". Tunaligeuza lilivyo: "He has played many films." Kwa Kiingereza, to play a film ni kuiwasha ionekane kwenye mashine. Kitenzi play, kwa mwigizaji, kinakwenda na nafasi au mhusika: play a role, play a part, play the villain, play a judge. Filamu yenyewe mtu anaigiza ndani yake, kwa hiyo lazima in iwepo: he acted in many films, she appeared in that film, he starred in it. Ukitaka vyote katika sentensi moja: "She plays a judge in the film." Judge amefuatana na play, film imefuatana na in. Shika hilo kwanza, mengine yatafuata.

Kitenzi star kinageuka pande mbili, na pande zote ni sahihi. "She stars in the film" na pia "The film stars her". Ukiongeza as unataja nafasi: "He stars as a blind pianist." Ukiongeza opposite unamtaja mwenzake wa nafasi kuu: "He stars opposite her."

Hapa ndipo lilipotokea neno letu stelingi. Mwanzoni mwa filamu kulikuwa kunaandikwa Starring, kisha majina ya waigizaji wakuu. Sisi tukalichukua likawa jina la yule mpambanaji ambaye tunajua hawezi kufa. Ni neno zuri na ni letu sasa, wala simwambii mtu aliache akiongea Kiswahili. Lakini kwa Kiingereza starring si mtu. "The starring killed the enemies" haieleweki. Mtu wa ndani ya hadithi ni the hero, the main character, au the protagonist ukiwa unaandika uchambuzi. Mtu wa nje, mwenye jina lake na nyumba yake, ni the star. Nafasi kuu ni the lead, na mwigizaji aliyepewa nafasi hiyo pia huitwa the lead. Tofauti hii ina uzito: "the hero dies" ni jambo la hadithi, "the star died" ni msiba wa kweli.

Kadhalika adui. Kwenye filamu adui mkuu ni the villain. Neno enemy linahitaji mwenyewe, ni adui wa fulani: "his enemy". Ukisema tu "the enemy", wengi watafikiria jeshi la upande wa pili vitani.

La mwisho kwa leo ni cast. Likiwa nomino ni waigizaji wote kwa pamoja. Likiwa kitenzi ni kumpa mtu nafasi, na halibadiliki wakati uliopita: cast, cast, cast. Hakuna casted. "She was cast as the queen." Akipewa nafasi isiyomfaa, he was miscast. Akipewa nafasi ya aina moja miaka nenda rudi, kila filamu yeye ni jambazi, he has been typecast. Anayesimamia uteuzi huo ni casting director, kazi ambayo kwa miaka mingi haikuwa na Oscar yake. Mwaka 2024 Academy, taasisi inayotoa Oscar, ilitangaza kuianzisha tuzo hiyo kwa filamu za mwaka 2025.

Karibuni, ulizeni na mwongeze.

---

#2 | Mdau

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, uzi huu nimeutafuta siku nyingi.

Naomba unitenganishie set, setting, scene, scenery na shot. Nikiongea nayachanganya yote, na kamusi inanipa "mandhari" karibu kila mahali.

---

#3 | Mleta uzi

Ndugu, swali zuri sana, na ni kweli neno mandhari linabebeshwa mzigo mkubwa mno.

Setting ni mahali na wakati wa hadithi. Mwenzi wake ni kitenzi be set in: "The film is set in Paris in the 1940s." Haina maana kwamba kamera ilifika Paris. Kamera ilikofika kunasemwa kwa shoot, ambayo wakati uliopita ni shot: "It is set in Paris but it was shot in Prague." Sentensi hiyo moja ikikukaa kichwani, nusu ya tatizo imekwisha.

Set, nomino, ni pale palipojengwa au kuandaliwa kwa ajili ya kupiga filamu, ile nyumba yenye kuta tatu na taa juu. Mtu akiwa kazini hapo, he is on set. Wakitoka studio wakaenda mahali halisi, mtaani au msituni, they are on location.

Scenery ni uzuri wa nchi: milima, bahari, mashamba. Halina wingi. Tunapenda kusema "the sceneries were beautiful", ondoa hiyo -ies.

Scene ni tukio moja mahali pamoja, kwa mfano mazungumzo ya mezani baina ya baba na mwana. Ndani ya scene moja mnaweza kuwa na shots nyingi: kamera imewashwa, imezimwa, hiyo ni shot moja. Na shot moja inaweza kurudiwa mara kadhaa mpaka director aridhike, kila jaribio likaitwa take. Ndiyo maana kile kibao kinachogongwa mbele ya kamera kinaandikwa namba ya scene na namba ya take. Kibao hicho ni clapperboard, na kugonga kule kuna kazi: fundi anaoanisha mlio wa mbao na picha ya mbao zikikutana, ili sauti na picha viende sawa.

Tahadhari moja. "He made a scene" haihusu filamu hata kidogo. Ni kuzua zogo mbele za watu.

---

#4 | Mdau

Wakuu, mimi naomba nisahihishwe hadharani ili na wengine wafaidike. Hii ni filamu niliyoitunga tu kichwani kwa ajili ya zoezi, nimeisimulia kama ninavyoongea siku zote:

"The film is talking about one girl who she lost his father. She go to the city, then he met with one old man. The old man told her that your father is alive. The starring fighted too much and at the end she win. The film was very interested."

Nipigeni tu, nataka kujifunza.

---

#5 | Mleta uzi

Hongera kwa kujitoa, mkuu. Aya yako ina thamani kuliko orodha yoyote, kwa sababu karibu kila kosa lililomo limetoka kwenye Kiswahili sahihi kabisa. Kichwa chako kinafanya kazi vizuri, kinafuata tu sarufi ya nyumbani. Kwanza iangalie ikiwa imenyooshwa:

"The film is about a girl who has lost her father. She goes to the city, where she meets an old man. He tells her that her father is alive. She fights hard to find him, and in the end she succeeds. It's a very interesting film."

Sasa twende polepole.

"Talking about" tumeitoa kwenye "filamu inazungumzia". Kiingereza kinatosheka na is about. Fupi, na ndivyo wanavyosema wenyewe.

"One girl" ni "msichana mmoja" wa hadithi zetu. Kwao one ni hesabu. Kumtambulisha mtu kwa mara ya kwanza tumia a, akirudi tumia the au kiwakilishi.

"Who she lost". Hili ni zito. Katika "ambaye alimpoteza", ile a- ya kitenzi ni ya lazima, huwezi kuiacha. Tukifika kwenye Kiingereza tunaona kuna pengo, tunalijaza kwa she. Kwao who tayari ndiye mtenda, hakuna nafasi ya pili.

He na she. Kiswahili hakimtenganishi mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi: alikwenda ni alikwenda. Kwa hiyo anayesimulia kwa kasi huruka kutoka she hadi he bila kujua, na msikilizaji anapotea, anadhani mhusika mwingine ameingia. Kwenye kusimulia filamu kosa hili linaumiza kuliko kosa lolote la wakati, maana hadithi nzima inavurugika. Dawa yangu: kabla ya kufungua mdomo, mpe mhusika mkuu cheo au jina, the girl, the detective, na ulirudie kila baada ya sentensi mbili tatu badala ya kutegemea viwakilishi peke yake. Na his au her inafuata mwenye kitu, si kitu chenyewe. Baba wa msichana ni her father, ingawa baba ni mwanamume.

Wakati sasa. Sisi tunasimulia kwa -ka-: akaenda, akamkuta, akamwambia. Ni wakati wa hadithi. Kiingereza kinaposimulia kilichomo ndani ya filamu hutumia wakati uliopo sahili: she goes, she meets, he tells. Sababu yake inaeleweka ukiifikiria: filamu ikiwashwa kesho, msichana atakwenda tena mjini, atamkuta tena yule mzee. Hadithi haijapita. Kilichopita ni utengenezaji wake na utazamaji wako. Kwa hiyo: the film was released in 2010, it was shot in six weeks, I saw it last night, I cried. Ndani ya hadithi, uliopo. Nje ya hadithi, uliopita. Kitu kilichotokea kabla hadithi haijaanza kinaruhusiwa kurudi nyuma: "a girl whose mother died years ago".

"Told her that your father is alive". Kwa Kiswahili "akamwambia kwamba baba yako yuko hai" tunaikubali tukiongea. Kwao ukishaweka that, maneno ya msemaji lazima yageuzwe: that her father is alive.

Fight, fought, fought. Na "too much" kwao ni kupita kiasi, kwa ubaya. Ukimsifu mtu kwa kupambana sema hard.

"At the end" ni mahali: dakika za mwisho za filamu, "at the end of the film they dance". "In the end" ni matokeo baada ya misukosuko yote, hatimaye. Na namna hadithi ilivyomalizika ni the ending: "I didn't like the ending."

Interested ni wewe, interesting ni filamu. Vivyo hivyo bored na boring, scared na scary, confused na confusing, moved na moving. Ukisema "the film was bored" umeipa filamu moyo wa kuchoka.

---

#6 | Mdau

Hii ya -ka- imenifumbua macho kabisa. Miaka yote mwalimu alinikata alama bila kunieleza kwa nini.

Mleta uzi, tukitaka kusifu au kukosoa uigizaji tusemeje zaidi ya good na bad? Mimi husema "he did a good acting".

---

#7 | Mleta uzi

Acting haihesabiki, kwa hiyo haipokei a. Sema "his acting is good", au bora zaidi tumia performance, ambayo inahesabika na ina vitenzi vyake: give a performance, deliver a performance. "She gives a powerful performance as the mother."

Ukimwamini mwigizaji kiasi cha kusahau kwamba anaigiza, he is convincing, au believable. Akiwa mkavu, sauti moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, uso hauchezi, he is wooden. Akizidisha, analia kwa kelele na kutoa macho pasipohitajika, he overacts, au he is over the top. Kinyume chake, yule anayesema mengi kwa kuinua nyusi tu, uigizaji wake ni subtle au understated. Naomba hilo neno understated mlipe heshima, kwa sababu watu wengi humwona mwigizaji wa namna hiyo hafanyi kitu, kumbe yeye ndiye anayefanya kazi ngumu kuliko wote.

Mwigizaji wa nafasi ndogo akiingia akafunika wote, he steals the scene. Mwigizaji mkuu akiibeba filamu dhaifu mabegani, she carries the film. Wawili wakiendana mpaka ukaamini mapenzi yao, there is chemistry between them.

Nafasi isiyo kuu lakini yenye uzito ni supporting role. Oscar zilianza kutolewa Mei 1929, lakini wenye nafasi hizi hawakuwa na tuzo zao mpaka sherehe ya mwaka 1937. Nafasi ya dakika moja anayojitokeza mtu maarufu ni cameo. Alfred Hitchcock, mwongozaji, aliifanya mazoea: anapita mtaani au amekaa ndani ya basi katika filamu zake mwenyewe. Na wale wapita njia wasio na neno la kusema ni extras.

Kuhusu hadithi yenyewe: ikikushika huwezi kuondoka ni gripping, ukijua kitakachotokea kabla hakijatokea ni predictable, isiyoaminika ni far-fetched, iliyosifiwa kuliko inavyostahili ni overrated, na iliyodharauliwa bure ni underrated. Ziwekeni hizo mahali pa nice na mtaona mazungumzo yanavyoendelea.

---

#8 | Mdau wa jukwaani

Wakuu, mimi naigiza jukwaani, naomba niongeze upande huo, maana wengi husahau kwamba lugha ya filamu kwa sehemu kubwa imezaliwa kwenye tamthilia.

Unaanza na audition. Mwenzi wake ni for: "I auditioned for the part." Ukichaguliwa, you got the part. Kisha mazoezi, rehearsals, na la mwisho kabla ya watazamaji, mkiwa mmevaa maleba yote, ni dress rehearsal. Maneno yako ni your lines: you learn your lines, na Mungu apishe mbali, you forget your lines. Ishara ya wewe kuingia au kusema ni your cue. Ukiongeza maneno yako usiyoandikiwa, you ad-lib au you improvise. Ukicheka katikati ya huzuni, you break character. Aliyejifunza nafasi yako ili aingie siku ukiugua ni your understudy, na huyo ni wa jukwaani. Kwenye filamu anayeruka ghorofani badala ya nyota ni stunt double.

Kushoto na kulia vinawachanganya wengi. Stage left ni kushoto kwa mwigizaji anapowatazama watu, kwa hiyo kwa mtazamaji ni kulia. Kwenye filamu ni kinyume: camera left ni kushoto kwa kamera. Mtu akitoka jukwaani kwenda studio, siku za kwanza huenda upande usio wake.

Majukwaa ya zamani yalikuwa na mwinuko kuelekea nyuma ili watu waone vizuri. Ndiyo maana nyuma ya jukwaa paliitwa upstage, yaani juu, na mbele downstage. Mwigizaji akisogea nyuma, mwenzake analazimika kuwapa watazamaji mgongo ili azungumze naye, na macho yote yanabaki kwa yule wa nyuma. Ndipo to upstage someone ikawa kumfunika mtu.

Kabla ya kuingia, ukimtakia mwenzako heri husemi good luck, maana kwa watu wa jukwaa ni mkosi. Wanasema "Break a leg!" Usiogope ukiambiwa.

Jambo moja linanigusa. Kuna mazoea ya kumwita method actor kila anayepunguza uzito au kunyamaza wiki nzima kwa ajili ya nafasi. Chimbuko ni mafunzo ya Konstantin Stanislavski wa Urusi, aliyeshiriki kuanzisha Moscow Art Theatre mwaka 1898. Mawazo yake yakavuka bahari, na pale Actors Studio ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1947, Lee Strasberg akayakuza kwa njia yake, akisisitiza mwigizaji atafute hisia ndani ya kumbukumbu za maisha yake mwenyewe. The Method ni hiyo. Kujitesa mwili si sharti lake. Na wapo waliomfuata Stanislavski wakakataa tafsiri ya Strasberg, kwa hiyo tusiwaweke wote chungu kimoja.

---

#9 | Mleta uzi

Mkuu wa jukwaani, ahsante sana. Hiyo ya upstage sikuwahi kuona imeelezwa wazi namna hiyo kwa Kiswahili.

---

#10 | Mdau

Mimi ni mpenzi wa filamu za kutisha. Naomba kujua thriller na horror zinatofautianaje, na suspense inaingia wapi? Halafu remake, reboot, sequel, hizo nazo.

---

#11 | Mleta uzi

Horror inataka uogope. Thriller inataka usitulie: kuna hatari, kuna mbio, kuna siri inayosogea. Filamu moja inaweza kuwa vyote viwili, lakini filamu ya mpelelezi anayekimbizana na muda si horror kwa sababu tu moyo ulikwenda mbio.

Suspense ndiyo taharuki, na aliyeieleza vizuri kuliko wote ni huyohuyo Hitchcock, alipozungumza na François Truffaut, mwongozaji wa Kifaransa. Watu wawili wamekaa wanaongea, chini ya meza kuna bomu. Kama mtazamaji hajui, bomu likilipuka atapata mshtuko wa sekunde chache: hiyo ni surprise. Kama mtazamaji ameona likitegwa na saa iko ukutani, mazungumzo yaleyale ya kawaida yanakuwa hayavumiliki, anataka kuwapigia kelele waache kupiga soga: hiyo ni suspense. Tofauti ni nani anajua nini, na lini. Nikitazama filamu sasa najiuliza mwongozaji amechagua kunijulisha au kunificha, na maneno haya mawili yananisaidia kuona kazi yake.

Hadithi ikigeuka kusikotarajiwa ni a twist. Hadithi ikikatwa shujaa akiwa ukingoni, subiri wiki ijayo, ni a cliffhanger. Tobo katika mantiki, kwa mfano mtu alifungiwa ndani na dakika mbili baadaye yuko mtaani bila maelezo, ni a plot hole. Na ukimwambia mtu mwisho kabla hajaona, you gave away the ending, umempa spoiler. Sentensi ya kujilinda: "Don't spoil it for me, I haven't seen it yet."

Sequel ni hadithi inayofuata, prequel ni ya kabla yake, remake ni filamu ileile imetengenezwa upya, reboot ni kuanza mfululizo upya kana kwamba zile za nyuma hazikuwepo. Spin-off ni mhusika wa pembeni kupewa hadithi yake. Iliyotoka kwenye kitabu ni adapted from au based on, na tafadhali on, si from, kwa based.

Kwa wanaofuatilia vipindi vya televisheni: series haibadiliki, one series, two series. Msimu kwa Mmarekani ni season. Mwingereza huita msimu huo huo series, kwa hiyo akisema "series two" anamaanisha msimu wa pili. Na movie theater ya Mmarekani ni cinema kwa Mwingereza, ambaye theatre kwake ni ukumbi wa michezo ya jukwaani.

---

#12 | Mdau

Vipi matamshi? Nilitamka genre watu wakanyamaza.

---

#13 | Mleta uzi

Genre imetoka Kifaransa. Sauti ya mwanzo ni ile ya katikati ya neno la Kiingereza vision, kisha "onra". Si "jenre". Debut nayo ni ya Kifaransa, t ya mwisho haisikiki: "deibyu". Scene inatamkwa sawasawa na seen. Villain ni "vilen", mkazo mwanzoni. Character inaanza na k, "karikta". Role na roll zinasikika sawa, lakini rule ni neno jingine, "she played a rule" inawachanganya. Sequel ni "sikwel". Comedian mkazo uko kwenye "mi": ko-MI-dian.

---

#14 | Mdau

La mwisho kwangu, mkuu. Mwisho wa filamu yanapita majina mengi: gaffer, key grip, best boy, foley artist. Hao ni akina nani? Na director na producer nani mkubwa?

---

#15 | Mleta uzi

Director, mwongozaji, ndiye mwenye maamuzi ya sanaa: namna ya kuigiza, kamera ikae wapi, take ipi ibaki. Producer, mtayarishaji, ndiye anayeikusanya kazi nzima, fedha, watu, ratiba, na kuhakikisha inafika mwisho. Ndiyo maana Oscar ya filamu bora, Best Picture, hukabidhiwa watayarishaji, na ya mwongozaji ni tuzo nyingine.

Majina yale yanayopita ni the credits. Gaffer ni mkuu wa taa na umeme. Grips ni mafundi wanaofunga na kusogeza vifaa vya kubebea kamera na kuzuia au kutawanya mwanga, na mkuu wao ni key grip. Best boy ni msaidizi wa kwanza wa gaffer au wa key grip, hata akiwa mwanamke mtu mzima.

Foley artist ni yule anayetengeneza sauti ndogondogo baada ya filamu kupigwa: nyayo, nguo ikisuguana, funguo, kikombe kikiwekwa mezani. Anatazama picha na kufanya mlio huo palepale mbele ya kipaza sauti, ukienda sambamba na mwigizaji. Jina limetokana na Jack Foley, fundi wa studio ya Universal aliyeanza kazi hiyo filamu zilipoanza kuwa na sauti. Usiichanganye kazi yake na score, muziki uliotungwa kwa ajili ya filamu hiyo, wala na soundtrack, ambayo kwa matumizi ya kila siku ni mkusanyiko wa muziki na nyimbo zake. Na sauti ya mwigizaji ikibadilishwa kwa lugha nyingine ni dubbing. Sauti ya msimulizi asiyeonekana ni voice-over, na maandishi ya chini ni subtitles: "I watched it with subtitles."

Mwenye filamu aliyoitazama karibuni aiandike hapa kwa sentensi tano za Kiingereza, hadithi kwa wakati uliopo, kama tulivyofanya na ya mdau wa #4. Nitapitia moja moja.